Matundu Matano

Tulimzika Mzee Karanja Alhamisi kule Matasia, kwenye shamba lake dogo ambalo siku hizi limezungukwa na nyumba za kupangisha pande zote, na mimi sikulia. Nilikula wali na nyama kama watu wengine, nikasalimiana na watu ambao mara ya mwisho waliniona nikiwa na kiuno, nikamsikiliza mchungaji akisema marehemu hakuwa mtu wa kuficha neno. Hapo nikaangalia viatu vyangu. Watu walipopungua, mjane wake, Mama Shiko, aliniita jikoni, akafuta mikono kwa leso, akanipa bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. "Aliniambia hii ni yako," akasema. "Nikamuuliza ni nini, akasema ni karatasi tu. Sasa mtu anaumwa vile, anakumbuka karatasi aje?" Nikamwambia sijui, Mama. Nilimdanganya mjane jikoni mwake, na udongo wa kaburi bado mbichi. Nilijua kilichomo kabla ya kuigusa. Nilikuwa nimeiogopa hiyo karatasi kwa miaka kumi na saba.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nikipanga chumba mtaa wa Noonkopir, na kazi yangu ilikuwa kuchora mahali miguu itasimama. Nieleze vizuri, maana hata mume wangu ilimchukua muda kuelewa. Kila kifaa cha elektroniki kina miguu ya chuma, na bodi kitakapokaa lazima iwe na matundu pale pale miguu inapoangukia. Ukikosea kwa upana wa uzi, kifaa hakiingii. Mimi nilikuwa nachukua mchoro wa mtengenezaji, nakaa kwa kompyuta, natengeneza hayo matundu moja moja. Mzee aliyaita nyayo. "Nekesa, nyayo za leo ziko wapi?" alikuwa akiuliza asubuhi kabla hata ya kusalimia. Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo hapo Kitengela, kwa hiyo tulinuka dawa ya kupe na solda iliyoungua ya kuchomea vifaa, na kati ya chumba chake na chetu palikuwa na plaiwudi tu. Mzee akipiga simu, tunasikia. Sisi tukimcheka, anasikia, na anakohoa.

Tulikuwa watatu. Mzee Karanja, aliyekuwa fundi wa simu kwa miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake. Mimi. Na Lemayian, tuliyemwita Lema, kijana wa huku huku Kajiado, aliyenunua vifaa Nairobi na kuvichomea kwenye bodi. Lema alikuwa na mikono mitulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mdomo usiotulia hata kidogo. Saa saba tulikula pamoja chapati na maharagwe kutoka kwa kibanda cha pembeni, na yeye huongeza maziwa ya mtindi aliyoyabeba kwa kibuyu kutoka kwao, yenye harufu ya moshi. "Kunywa, we mtu wa ugali," ananiambia. "Ukinywa hii hata macho yako yatanyooka, uache kuchora miguu kombo." Nami namwambia miguu kombo ni yake yeye. Ni yeye aliyenifundisha kushika kibano bila kutetemeka. Nasema hivi mapema ili nisije nikajitetea huko mbele.

Bodi zetu zilitengenezwa Uchina, zilichukua wiki tatu kufika, na bodi ikishatobolewa vibaya imetobolewa. Kwa hiyo Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hata malaika angeifuata. Kabla ya oda kwenda, nyayo zinachapishwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, karatasi inawekwa juu ya sponji, halafu unachukua kifaa chenyewe na kusukuma miguu yake ipenye kwenye alama. Ikipenya yote sawasawa, mchoraji anasaini, Mzee anasaini, karatasi inaingia kwenye faili. Isipopenya, rudi kwa kompyuta. "Mimi naweza kukupenda," alikuwa akisema, "lakini karatasi haina urafiki." Na kweli sheria hiyo ilikuwa imetuokoa mara nyingi. Shida ni kwamba nikawa na ujanja wangu. Ukikiweka kifaa juu ya karatasi, tumbo lake linafunika alama, huoni mguu unaingilia wapi. Mimi nikaona heri niinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha na kusukuma kutoka nyuma, ncha za miguu zikichomoza mbele yangu katikati ya alama zake. Ilikuwa rahisi, ilikuwa haraka, na vifaa vingi miguu yake inalingana kushoto na kulia, kwa hiyo hakuna aliyejua, wala mimi sikuona kosa.

Kisha Lema akaleta kazi ya kwao. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Huko ndani baada ya Kisaju palikuwa na kisima cha pampu kilichohudumia boma nyingi, na pampu yake ilikuwa imeungua mara mbili kwa sababu maji yakishuka hakuna wa kuizima, inazunguka patupu mpaka inakufa. Mwenyekiti wa kile kisima, Mama Naserian, alikuja mwenyewe karakana na shuka yake na simu mbili, akakaa kwenye kiti cha Mzee bila kuulizwa. "Huyu Lemayian ni mtoto wetu," akasema. "Amesimama mbele ya wazee akasema mtatutengenezea kitu ya kuzima pampu yenyewe. Pampu mpya tumeshanunua. Bila hicho kitu hatuiwashi, tumeapa. Sasa ng'ombe wanatembea siku nzima kutafuta maji na wengine hawarudi. Mimi niko na swali moja tu. Itafika lini?" Mzee akasema mwezi mmoja. Mama Naserian akamgeukia Lema, akamwambia kitu kwa Kimaasai, na Lema akainamisha kichwa aguswe utosini, kama kijana mbele ya mkubwa wake. Baadaye nikamuuliza alisema nini. Akacheka, lakini si kicheko chake. "Amesema jina langu liko ndani ya hiyo bodi."

Kifaa kikuu cha ile bodi kilikuwa rilei, kijisanduku cheusi kinachokata na kurudisha umeme wa pampu. Kilikuwa na miguu mitano, minne imejipanga na wa tano umekaa kando peke yake. Mtengenezaji alikuwa amekichora kikiwa kimepinduliwa, miguu juu, kama mende aliyekufa. Maandishi madogo hapo chini yalisema hivyo. Sikuyasoma. Nilichora nilichokiona, wakati kompyuta inahesabu kwamba unaitazama bodi kutoka juu, na kwa hiyo mguu wa tano ukaenda upande usio wake. Halafu nikachapisha karatasi, nikaenda dirishani, nikasukuma kutoka nyuma. Miguu yote mitano ikapenya vizuri kabisa. Unaona kilichotokea? Nilichora kinyume na nikapima kinyume, kosa likapima kosa mwenzake, yakakubaliana. Nikasaini. Mzee alikuwa na miadi ya kliniki asubuhi hiyo, koti tayari begani. Akaona ncha tano katikati ya alama tano, akasaini akiwa amesimama. "Tuma," akasema.

Bodi zilifika Jumanne, zimefungwa kwa plastiki, kijani kibichi, nzuri ajabu. Tulizishika kama watu wanaoshika mtoto mchanga. Lema akawasha chuma cha kuchomea, akachukua rilei ya kwanza, akaiweka. Haikukaa. Akaizungusha. Akachukua ya pili. Akachukua ya tano. Nakumbuka mlango wa duka la mbele ukipigwa na upepo, na mtu akiuliza bei ya chumvi ya ng'ombe, na Lema akisema polepole, "Mzee, hebu kuja." Mzee akaja, akajaribu mwenyewe. Kisha akaenda kwenye faili, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Matundu matano, saini mbili. "Karatasi inasema iko sawa," akasema. "Rilei ile ya kuazima tuliyopima nayo na kuirudisha dukani iliingia. Hizi haziingii. Umetoa hizi wapi?"

Hapo Lema akakosea kwa kusema ukweli. Duka letu la kila siku lilikuwa limefungwa kwa ajili ya matanga, kwa hiyo rilei za kazi alikuwa amezinunua duka la jirani. Namba ni ile ile, akasema. Angalia, Mzee, namba ni ile ile. "Namba!" Mzee akafoka. "Feki zote ziko na namba! Nani alikutuma duka lingine?" Simu yake ikalia, alikuwa Mama Naserian akiuliza, na Mzee, mtu aliyekuwa na plaiwudi tu kati yake na dunia, akamjibu kwa sauti kwamba kijana wao ameleta vifaa feki, atupe siku chache. Nilimtazama Lema wakati maneno hayo yanatoka. Alizima chuma, akaifuta ncha yake kwa sponji kama kila siku, akavua aproni, akaikunja. "Nekesa," akaniambia, "wewe unajua mimi sinunui takataka." Nikasema, "Najua." Nilisema kwa moyo wote, maana wakati huo nilikuwa sijui lolote. Akatoka. Nilidhani atarudi kesho yake.

Mchana huo chapati zilikuja tatu, kama kawaida, na moja ikabaki kwenye sahani. Mzee alikuwa ametoka kutafuta rilei nyingine. Mimi nikabaki na ile karatasi. Nilikuwa naitazama tu, kwa uchungu, nikipitisha kidole juu yake kama mtu anayefikiri mambo mengine, na kidole kikakwaruzwa. Kingo za matundu zilikuwa zimesimama upande wenye wino. Karatasi ukiitoboa, kingo husimama upande ule msumari unakotokea. Zilipaswa kuwa nyuma. Zilikuwa mbele. Nikaelewa yote mara moja. Nikachukua bodi, nikaipindua, nikachukua moja ya zile feki, nikaiweka upande wa chini. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Mama yangu! Nilikaa pale, na kitu cha kwanza nilichofanya, naomba kisamehewe lakini ndicho nilichofanya, nilichungulia mlangoni kuhakikisha hakuna mtu.

Ningesema hapo hapo. Nimejiambia hivyo mara ngapi? Lakini nilikuwa na miezi mitano tu kazini, msichana pekee niliyemjua katika kazi hiyo, na vyuoni walikuwa wametuambia tutaishia kuuza simu. Niliogopa. Sina neno kubwa kuliko hilo. Mzee aliporudi mikono mitupu, nikamwambia, "Mzee, nimefikiria. Tunaweza kuziweka hizi rilei kwa upande wa chini. Nimejaribu, zinakaa. Bodi tuinue kidogo ndani ya sanduku lake." Nikamwonyesha. Yeye akaishika bodi ile muda mrefu. Kumbuka huyu ni mtu aliyekuwa akifungua mitambo ya simu mimi sijazaliwa. Kifaa kikiingia kutoka chini na kisiingie kutoka juu, maana yake ni moja tu, na hakuna duka la Nairobi linalohusika. Akanyanyua macho, akanitazama. Akaichukua ile karatasi, akapitisha kidole gumba juu ya wino, taratibu, akafika kwenye matundu, akasimama. Ningeulizwa, ningekiri. Hakuuliza. "Fanya hivyo," akasema. Karatasi hakuirudisha kwenye faili. Aliingia nayo chumbani kwake, na kupitia plaiwudi nikasikia droo ikifungwa.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaojua, na kila mmoja alijua mwenzake anajua, na tukafanya kazi siku tatu bila kusema kitu isipokuwa nipe kibano, shika hapa. Nilichomea rilei zote mwenyewe, kwa mikono aliyonifundisha Lema. Nilikata vipande vya kalamu za biro viwe nguzo za kuinulia bodi. Siku ya tatu nilienda chumbani kwa Lema, mtaa wa pili tu kutoka kwangu, nikakuta mlango uko wazi na mama mwenye nyumba anafagia. Amerudi kwao, akasema. Nilikuwa na namba yake. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Niliandika mwingine, mfupi, nikaufuta pia. Najua wapo watu wenye dhambi kubwa kuliko kufuta ujumbe, lakini hiyo ndiyo yangu.

Ijumaa tukafunga bodi ya kwanza kule kisimani, nyingine zikabaki za akiba. Watu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, wanaume wamesimama kwa fimbo zao, ng'ombe mbavu nje. "Takwenya," nikamsalimu Mama Naserian kwa Kimaasai. "Iko," akajibu, macho yake yakiwa kwenye sanduku mkononi mwangu. Mzee akawasha. Pampu ikanguruma, bomba likatapika hewa, likatapika matope, kisha maji. Ng'ombe waliruka uzio. Maji yalipopungua kidogo huko chini, pampu ikajizima yenyewe, wazee wakaguna kwa mshangao, na baada ya muda ikajiwasha tena. Nilipaswa kufurahi. Tulipewa chai ya maziwa matupu, na Mama Naserian akauliza mbele ya wote, "Na mtoto wetu yuko wapi? Hii kitu ni ahadi yake." Mzee akaangalia kikombe. Nilidhani sasa atasema. Nilidhani, basi asiposema yeye nitasema mimi. "Yule alituangusha na vifaa," Mzee akasema. "Ikabidi tumalize bila yeye." Mzee mmoja akasonya. Mama Naserian akageukia maji. Mimi nikanywa chai. Ilikuwa tamu, na niliinywa mpaka mwisho, huku rilei ya Lema, ile ile, inafanya kazi mita tatu kutoka kwa miguu yangu.

Mwisho wa mwaka niliondoka. Mzee aliniandikia barua nzuri ya kunitambulisha, nzuri kupita kiasi, na nimekula matunda yake mpaka leo. Nimechora nyayo za vifaa visivyohesabika, na hakuna hata karatasi moja niliyoisukuma kutoka nyuma. Wasichana ninaowafundisha huniona kama kichaa, kila karatasi naigeuza, napapasa. Wanadhani ni ujuzi.

Bahasha niliifungua nyumbani usiku wa mazishi. Karatasi imekuwa ya manjano. Matundu matano, saini mbili. Nyuma, kwa mwandiko wake wa kuinama, maneno machache: *Nilisaini bila kugeuza. Mpelekee Lema.* Hata tarehe hakuweka. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Mzee huyu, alishindwa miaka yote, sasa amekufa ananiachia mimi nibebe peke yangu! Nilikasirika mpaka alfajiri, na alfajiri nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa hai muda wote huo, na simu mkononi.

Lema ana duka la vifaa vya sola na redio mjini Kajiado. Ana kitambi sasa na mvi mbili tatu kwenye ndevu. Alinitambua nikiwa bado mlangoni. "We mtu wa ugali!" akasema, na akacheka kile kicheko chake cha zamani, na hapo ndipo nililia, siku tatu baada ya mazishi. Akadhani namlilia Mzee. Akanipa kiti, akaagiza chai, akasema pole, alisikia msiba lakini miguu ilikataa kwenda. Wakati tunaongea, mteja akaja kununua taa, na Lema akamzuia asiondoke mpaka ameijaribu mara mbili. "Nimekuwa hivi," akaniambia. "Tangu zile rilei. Siamini tena kitu nilichonunua kwa macho yangu mwenyewe." Akavuta droo, akatoa kijisanduku cheusi chenye miguu mitano. "Niliondoka na moja mfukoni. Nilizunguka nayo kila duka pale Nairobi. Wote waliniambia ni orijino. Lakini karatasi ilikuwa imesema vingine, na karatasi haina urafiki, si ndio? Nikasema basi ni mimi."

Nikaweka karatasi kwenye kaunta. Aliitazama, akaitambua, akaichukua ile rilei na kuiweka juu ya wino, kama sheria ilivyotaka. Miguu minne ikagusagusa matundu, wa tano ukasimama juu ya karatasi nzima, isiyotobolewa. Akakunja uso. Akageuza karatasi, akasoma yale maneno ya Mzee. Kisha kutoka huko huko nyuma akasukuma, taratibu, kwa ile mikono yake mitulivu, na miguu yote mitano ikaingia kwenye matundu yake ya zamani bila hata kuchana.

"Nani alisukuma kutoka nyuma?" akauliza.

"Ni mimi, Lema. Nilichora kinyume, nikapima kinyume. Nilijua siku ile ile uliyoondoka. Mchana wake."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alifuta uso kwa kiganja, akachukua simu yake, akatafuta namba, akabonyeza, akaiweka kwenye kaunta kati yetu, sauti ikiwa wazi. Ililia mara tatu. Ikajibu sauti ya mwanamke mzee, kavu, niliyoijua mara moja, na nyuma yake ng'ombe na pampu ikinguruma.

"Ni Mama Naserian," Lema akaniambia. "Rudia hayo uliyoniambia. Useme na jina lako."

Nikasogea karibu na simu. "Yeyo, takwenya," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Iko," akajibu. "Ni nani?"